Kustaafia Thailand: gharama si ada, ni pesa inayolala

Mstaafu anayeomba kuongezewa mwaka mmoja wa kukaa Thailand hulipa dirishani baht 1,900, ambazo kwa viwango vya miaka ya karibuni ni kama dola 60 za Marekani. Ndiyo maana anayeuliza bei ya kuishi kule kihalali huambiwa ni rahisi. Jibu hilo linaacha nje jambo kubwa. Nyuma ya ada hiyo zipo baht 800,000 ambazo lazima zikae benki, kwa jina lako peke yako, kwa tarehe zinazohesabiwa moja moja. Pesa hizo hulipi, unazilaza. Na anayekataliwa si lazima awe hana pesa: anaweza kuwa amezitoa siku kumi mapema, au makato ya kadi ya benki yamempunguzia baht 200 bila yeye kujua.

Viza ni kitu kimoja, ruhusa ya kukaa ni kingine

Jina "viza ya kustaafu" linachanganya watu tangu mwanzo kwa kuwa linafunika vitu viwili. Cha kwanza ni viza ya kuingilia ya kundi la wasio wahamiaji, herufi O, inayokupa siku 90. Cha pili ni nyongeza ya muda wa kukaa, inayotolewa na ofisi ya uhamiaji ukiwa ndani ya nchi, mwaka mmoja kila mara. Viza inakufikisha, nyongeza ndiyo inayokukalisha. Sheria mama ni Sheria ya Uhamiaji ya 1979, lakini masharti ya mstaafu yamo katika amri za polisi, kwani uhamiaji wa Thailand uko chini ya polisi. Masharti ya sasa kuhusu pesa benki yalianza kutumika tarehe 1 Machi 2019, na mtu anayefuata maelezo ya kabla ya hapo atapotea.

Umri ni miaka 50 kamili. Barua ya kustaafu haitakiwi. Mtu wa miaka 51 aliyeuza duka lake na kuacha kazi anahesabiwa sawa na mwalimu mwenye pensheni, mradi pesa ipo na hatafanya kazi yoyote nchini humo. Na "yoyote" hapa ina maana pana: hata kujitolea bila malipo shuleni kunahitaji kibali cha kazi, na mwenye ruhusa ya kustaafu hapewi.

Jambo jingine la kuelewa kabla hujauza nyumba: hata ukiongezewa mwaka mara ishirini, hujawa mkaazi wa kudumu. Ukaazi wa kudumu upo, lakini una kikomo cha watu 100 kwa mwaka kwa kila taifa, na unaombwa kwa misingi ya uwekezaji, kazi, familia au utaalamu. Kustaafu si msingi mmojawapo. Kwa hiyo unachopanga ni maisha ya mwaka mmoja mmoja, na ni vizuri upange ukijua hivyo.

Mlango wa O na mlango wa O-A

Kuna viza mbili anazoweza kuanza nazo mstaafu wa kawaida, na uchaguzi huu una matokeo ya miaka mingi.

Viza ya O-A huombwa nje ya Thailand, katika nchi yako ya uraia au unakoishi kihalali. Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman ataiombea Muscat, Mkenya mwenye uraia wa Uingereza ataiombea London. Pamoja na pesa, inadai cheti cha polisi cha kutokuwa na makosa ya jinai (Wakenya wanakijua kama cheti cha mwenendo mwema cha DCI), cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba huna ukoma, kifua kikuu, matende, uraibu wa dawa za kulevya wala kaswende ya hatua ya tatu, na bima ya afya. Utamu wake ni kwamba kila unapoingia nchini viza ikiwa hai unagongewa mwaka mzima. Ukitoka na kurudi siku chache kabla viza haijaisha, unapata mwaka wa pili, hivyo viza moja inaweza kukukalisha karibu miaka miwili.

Uchungu wake ni bima. Sharti hilo lilianza Oktoba 2019 kwa kiwango cha baht 400,000 za kulazwa na 40,000 za matibabu ya nje, kisha mwaka 2021 likapandishwa hadi jumla ya baht milioni 3. Aliyeingia kwa O-A hubanwa na bima hiyo kila anapoongezewa mwaka. Mtu wa miaka 74 mwenye kisukari anaweza kujikuta hana kampuni inayomkubali, au anatajiwa bei inayozidi pango la nyumba yake. Aliyeingia kwa O haulizwi bima kwenye nyongeza ya kustaafu. Kwa maoni yetu, mwenye umri mkubwa au maradhi ya kudumu asianze na O-A hata kama ubalozi unampa kwa urahisi. Hilo halina maana kwamba bima haifai: hospitali binafsi za Bangkok hutoza kama hospitali za nchi tajiri, na bima hununuliwa mapema, kabla ugonjwa haujaandikwa kwenye faili.

Viza ya O inaombwa kwa mtandao kupitia ubalozi. Tangu 1 Januari 2025 balozi zote za Thailand zinatumia mfumo wa viza ya kielektroniki. Ubalozi ulioko Nairobi unahudumia pia nchi jirani, Tanzania ikiwemo. Njia nyingine ni kuingia kama mtalii, kisha kubadilishiwa ndani ya nchi kwa baht 2,000. Ukichagua njia hii, fika ofisini ukiwa na siku zisizopungua 15 zilizobaki kwenye muhuri wako wa utalii. Ukienda na siku 14 utarudishwa mlangoni. Baada ya hapo unapata siku 90, na katika siku 30 za mwisho za hizo 90 ndipo unapoomba mwaka.

Msafiri anayetoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo aongeze karatasi moja ambayo maelezo yaliyoandikwa kwa Wazungu huwa hayaitaji: cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kilichotolewa angalau siku 10 kabla ya kuingia. Na tangu 1 Mei 2025 kila mgeni hujaza kadi ya kuwasili ya kidijitali ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure, tovuti inayokudai malipo kwa ajili ya kadi hiyo si ya serikali.

Pesa: kiasi, mahali na tarehe

Njia za kuthibitisha uwezo ni tatu: akiba ya baht 800,000 katika benki ya Thailand, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi kutoka nje, au mchanganyiko wa akiba na kipato unaofika 800,000 kwa mwaka. Ya tatu imo kwenye amri, lakini maofisa wengine hawaipendi na kila ofisi ina tafsiri yake, basi ulizia mkoani kwako kabla ya kuitegemea.

Njia ya kipato ilikuwa nyepesi zamani: ubalozi wako unakuandikia barua kwamba una pensheni ya kiasi fulani. Mwishoni mwa 2018 balozi za Uingereza, Marekani na Australia zikaacha kuandika barua hizo, kwa sababu hazikuwa na namna ya kuhakikisha kipato cha kila mtu. Mwenye uraia wa nchi hizo sasa anaonyesha miamala ya miezi 12, kila mwezi baht 65,000 au zaidi, inayoonekana kwenye kitabu cha benki kuwa imetoka nje ya nchi. Hapo pana shimo. Kampuni nyingi za kutuma pesa kwa simu hulipa upande wa Thailand kupitia benki ya ndani, na muamala unaandikwa kama uhamisho wa ndani. Pesa imefika kweli, lakini mbele ya ofisa haihesabiki. Tumia njia ambayo benki yako itaipa alama ya uhamisho wa kimataifa, na uijaribu kwa kiasi kidogo kwanza. Mwezi mmoja ukishuka hadi 64,300 kwa sababu ya kiwango cha ubadilishaji, mnyororo umekatika. Anayetuma pauni au dola aweke ziada.

Njia ya akiba ndiyo tunayoiona kuwa na utulivu zaidi, kwa anayeweza kutoa pesa hiyo kwenye mzunguko. Sharti lake: baht 800,000 ziwe kwenye akaunti miezi miwili kabla ya kuomba, zikae miezi mitatu mingine baada ya kupewa ruhusa, kisha unaweza kupunguza, lakini salio lisishuke chini ya 400,000 siku yoyote ile hadi utakapojaza tena kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Tuiweke kwenye kalenda. Ruhusa yako inaisha 10 Machi. Ofisi inapokea maombi siku 30 kabla, yaani kuanzia 8 Februari. Umepanga kwenda 20 Februari. Basi 800,000 lazima ziwe zimetimia ifikapo 20 Desemba. Mwenye busara anajaza 15 Desemba. Umekubaliwa siku ileile ya 20 Februari: zinabaki zilivyo hadi 20 Mei. Kuanzia hapo hadi 15 Desemba, yaani karibu miezi saba, unaweza kutumia hizo 400,000 za juu. Mwaka mpya wa ruhusa utahesabiwa kutoka 10 Machi, si 20 Februari, kwa hiyo kuwahi hakukupotezei siku hata moja.

Sasa gharama halisi inaweza kuhesabiwa. Miezi mitano ya 800,000 na saba ya 400,000 ni wastani wa baht 567,000 zilizolala mwaka mzima. Akaunti ya akiba ya Thailand hulipa riba isiyofika asilimia 1. Kama pesa hiyo ingekuwa hati fungani nyumbani ikikupa asilimia 10, umeacha takribani baht 56,000 kwa mwaka, mara thelathini ya ada ya dirishani. Kiasi chote cha 800,000 ni takribani shilingi milioni 3 za Kenya, na kwa watu wengi hicho ndicho kiinua mgongo chenyewe. Anayelazimika kuvunja akiba hiyo kila mtoto anapougua nyumbani asianze njia hii, maana mwaka wa pili itamgeuka.

Makosa ya akaunti yanajirudia. Akaunti ya pamoja na mke au mume haikubaliki kwa mwombaji mmoja. Hisa na mifuko ya uwekezaji hazihesabiki, hata kama zimo ndani ya benki ileile. Akaunti ya akiba na ya muda maalumu zinahesabika. Benki hukata ada ya kadi mara moja kwa mwaka, hivyo mtu aliyeweka 800,000 kamili anaamka ana 799,700. Weka 820,000 ulale usingizi. Pesa ikitumwa, benki inayopokea hukata ada yake pia, basi tuma zaidi ya unachotaka kifike, itume kwa sarafu ya kigeni ibadilishwe kulekule, na uhifadhi karatasi ya uhamisho, kwa sababu mara ya kwanza ofisa hutaka kuona kwamba pesa ilitoka nje. Usishangae ukiona hati ya benki ina mwaka 2569: ni kalenda ya Kibudha, inayotangulia yetu kwa miaka 543.

Kufungua akaunti kwenyewe kunaweza kuwa kikwazo. Tawi moja linakataa mwenye muhuri wa utalii, tawi jingine la benki hiyohiyo linakubali likionyeshwa mkataba wa pango na hati ya makazi kutoka uhamiaji. Hapa ndipo mawakala wanapojitokeza, na wengi wanafanya kazi halali ya kukusindikiza benki. Wapo pia wanaokuambia huna haja ya 800,000, watakuazima kwa siku moja na kukuletea pasipoti iliyogongwa. Muhuri uliopatikana kwa salio la kuazima unaweza kufutwa, na atakayesimama mbele ya polisi ni wewe mwenye pasipoti.

Siku ya kwenda ofisini

Fomu ni TM.7, na picha ya sentimita 4 kwa 6. Peleka pasipoti na nakala za kurasa zote zenye mihuri, kila nakala ukiitia saini. Barua ya benki inayothibitisha akaunti ni yako, itolewe siku ileile au siku chache kabla. Kitabu cha benki kilichochapwa salio la asubuhi hiyo, maana la jana halitoshi. Taarifa ya miezi 12 kama ni nyongeza ya pili na kuendelea. Mkataba wa nyumba. Ramani ya kuchora kwa mkono inayoonyesha unakoishi. Na risiti ya TM.30.

TM.30 inastahili maelezo. Kwa kifungu cha 38 cha sheria, mwenye nyumba anayempokea mgeni anatakiwa kutoa taarifa uhamiaji ndani ya saa 24. Wajibu ni wa mwenye nyumba, faini ni ya mwenye nyumba, lakini anayekosa huduma dirishani ni mpangaji. Kwa hiyo kabla ya kulipa amana ya nyumba, muulize mwenyewe kama atajaza TM.30. Akikunja uso, tafuta nyumba nyingine. Ukihama, hata chumba cha jirani, inajazwa upya.

Ofisi nyingine hugonga muhuri wa mwaka siku hiyohiyo, nyingine hukupa kwanza muhuri wa "inashughulikiwa" wa siku 30 urudi tena. Nyingine zitakupa miadi baada ya miezi mitatu uonyeshe kwamba 800,000 bado zipo. Angalia pia tarehe ya mwisho ya pasipoti: nyongeza haivuki uhai wake. Pasipoti iliyobakiza miezi minane inakupa miezi minane kwa bei ya kumi na mbili.

Mke au mume asiyefika miaka 50 anaweza kuongezewa muda kama mtegemezi bila kuweka 800,000 nyingine, kwa cheti cha ndoa kilichothibitishwa. Uthibitisho huo unapita wizara ya mambo ya nje ya nchi kilikotolewa, kisha ubalozi, na mwishoni wizara ya Thailand; ufanye kabla ya kusafiri, kwa sababu kuufuatilia Dar es Salaam ukiwa Chiang Mai ni kazi ya miezi.

Baada ya muhuri

Kila siku 90 za kukaa mfululizo unaripoti anwani yako kwa fomu ya TM.47. Ni bure. Dirisha linafunguka siku 15 kabla ya tarehe na kufungwa siku 7 baada yake. Mara ya kwanza uende mwenyewe, zinazofuata zinawezekana kwa mtandao. Ukichelewa faini ni baht 2,000, zaidi ya ada ya mwaka mzima. Ukitoka nchini na kurudi, hesabu inaanza upya. Ripoti hii haiongezi muda wa kukaa, na mtu anayedhani inaongeza huja kushtuka amezidisha siku. Kila siku ya kuzidisha ni baht 500, hadi kikomo cha 20,000. Ukizidisha zaidi ya siku 90 hufungiwa kuingia mwaka mmoja hata kama umejipeleka mwenyewe.

Kosa linaloumiza kuliko yote hutokea uwanja wa ndege. Ruhusa ya mwaka mmoja hufa papo hapo ukitoka nchini bila kibali cha kurudi. Kibali hicho ni baht 1,000 kwa safari moja na 3,800 kwa safari zisizo na idadi. Simu ya msiba ikija usiku kutoka Mombasa, mtu hukimbilia ndege, na anaporudi anakuwa mtalii, na safari yote ya viza inaanza mwanzo. Kibali hupatikana pia uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, Bangkok, kabla ya kugongewa kutoka, lakini kwa mwenye wazee au watoto nyumbani tunashauri cha 3,800 kinunuliwe siku ileile ya nyongeza.

Jumlisha mwaka wa kwanza: viza 2,000, nyongeza 1,900, kibali cha kurudi 3,800, na barua za benki na nakala mia chache. Haifiki baht 9,000.

Kodi ya mapato ni mlango mwingine. Anayekaa siku 180 au zaidi katika mwaka wa kalenda ni mkaazi kwa upande wa kodi, na tangu 1 Januari 2024 kipato cha nje kilichopatikana kuanzia tarehe hiyo kinatozwa kikiingizwa Thailand. Akiba iliyokuwepo kabla ya 2024 haitozwi, kwa hiyo tunza taarifa ya benki ya 31 Desemba 2023. Chukua mtu wa miaka 60 anayeingiza pensheni ya 65,000 kwa mwezi, yaani 780,000 kwa mwaka. Ondoa 100,000 za matumizi na 60,000 za msamaha binafsi, zinabaki 620,000. Baht 150,000 za kwanza hazitozwi, 150,000 zinazofuata asilimia 5, 200,000 asilimia 10, na 120,000 zilizobaki asilimia 15: jumla 45,500. Akifika miaka 65 anasamehewa 190,000 zaidi na kodi inashuka hadi 20,500. Mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili inaweza kufuta deni hilo, hasa kwa pensheni za serikali, ila inategemea mkataba wa nchi inayokulipa.

Wenye uwezo mkubwa wana njia mbili nyingine. Viza ya miaka 10 iliyoanza Septemba 2022 inataka kipato cha dola 80,000 kwa mwaka kisichotokana na kazi, au dola 40,000 pamoja na uwekezaji wa dola 250,000 Thailand; ada yake ni baht 50,000, taarifa ya anwani ni mara moja kwa mwaka, na kipato cha nje hakitozwi. Uanachama wa Thailand Privilege, mpango wa kununua ruhusa ya kukaa muda mrefu, kwa daraja la miaka mitano lililotangazwa 2023 kwa baht 900,000, haukuulizi umri wala salio, lakini pesa hiyo imekwenda. Baht 800,000 za mstaafu wa kawaida zinabaki zake.

Zinabaki zake hadi siku atakapofariki, na hapo pana jambo ambalo familia huligundua limeshatokea. Akaunti ni ya jina moja, kwa matakwa ya uhamiaji. Benki ikipata taarifa ya kifo huifunga, na warithi hulazimika kwenda mahakama ya Thailand kuomba msimamizi wa mirathi. Wosia ulioandikwa kulekule, kwa Kithai na lugha unayoielewa, ukitaja msimamizi na namba ya akaunti, hufupisha kazi hiyo sana. Uandike mwaka uleule unapolaza pesa.